Umati Mlangoni kwa Lutu

Somo: Mwanzo 19:1-11. Msome pia Waamuzi 19:22-28.

 

Wazee wa kanisa wameniomba niandike juu ya jambo linalosemwa sana bombani, sokoni na kwenye foleni ya rasheni, na ambalo kanisani tunalinyamazia mpaka siku mtu atakapolitaja kwa hasira. Ni jambo la ushoga: sheria yake hapa Uganda, habari za ndoa za watu wa jinsia moja tunazozisikia redioni kutoka Ulaya na Marekani, na maneno yanayopita juu ya fulani na fulani katika vijiji vyetu vya kampi. Vijana wanauliza waziwazi. Akina mama wanauliza kwa sauti ya chini. Wako pia wasiouliza kabisa, maana wanaogopa kwamba swali lenyewe litawafichua. Hao wa mwisho ndio ninaowaandikia zaidi. Ninyi wengine mtanivumilia.

Likitajwa jambo hili, mtu hafiki mbali kabla hajasema "Sodoma", na mazungumzo yanaishia hapo. Basi tuisome Sodoma yenyewe, polepole. Naamini sisi tuliokimbia tuna macho ya kuisoma sura hii ambayo watu waliolala kwao maisha yao yote hawanayo.

Ni jioni. Wageni wawili wanaingia mjini, hawana ndugu pale. Lutu ameketi langoni, anawaona, anainuka kuwalaki. Wao wanataka kulala nje, lakini anawasihi mpaka wanakubali kuingia kwake, naye anawapikia. Hapo tayari mtu aliyepita Bwera anaelewa. Wengi wetu tulivuka pale Mpondwe na mizigo kichwani, na usiku ule wa kwanza wako waliopokewa katika nyumba za watu wasiowajua kabisa, Wakonzo waliosikia Kinande chetu wakasema hawa ni ndugu zetu. Walitupa bundu na mboga, wakatandika mikeka. Hawakuuliza kwanza kila mmoja wetu ana dhambi gani.

Kabla wageni wa Lutu hawajalala, wanaume wa mji wanaizunguka nyumba, vijana kwa wazee, kutoka kila upande. Wanamwita Lutu kwa jina. Wanataka awatoe wale watu wawatendee kwa nguvu. Lutu anatoka, anafunga mlango NYUMA YAKE, anasimama peke yake mbele yao. Nao wanamgeukia: huyu alikuja hapa kama mgeni, leo anataka kutuhukumu! Someni mstari wa 9, neno la ugeni limo. Lutu mwenyewe alikuwa mkimbizi wa namna fulani katika mji ule, na siku alipokataa kumtoa mtu, walimkumbusha.

Nani kati yetu hajui usiku wa namna hiyo? Awe ametoka Beni au Rutshuru, Masisi au Ituri, anajua mlango ukigongwa saa nane za usiku na jina likatajwa. Wako wanaosoma ukurasa huu leo kwa sababu mtu alisimama mlangoni akasema, hayupo, ameondoka tangu jana. Pengine alikuwa mama mjane, pengine jirani wa kabila lingine. Na wako yatima hapa kwetu kwa sababu mlango ulifunguliwa.

Sasa ulizeni: umati ule ulitaka nini? Ulitaka kubaka. Hakuna katika sura hii habari ya watu wawili waliopatana, wala ya mapenzi, wala ya ndoa. Ni habari ya wenye nguvu waliotaka kumvunja mgeni ili ajue mji ni wa nani. Na sisi wa Kongo ya mashariki hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha kwamba ubakaji ni silaha. Kama mtu bado ana shaka, afungue Waamuzi 19. Mji ni Gibea, wa Wabenyamini, watu wa Mungu na si mataifa. Ni jioni ileile, mgeni yuleyule, umati uleule mlangoni. Wanamdai mwanamume, wakatolewa mwanamke, suria wa yule Mlawi, nao wakamchukua wakamtesa usiku kucha. Alfajiri alianguka penye mlango, mikono yake kizingitini. Umati ulioridhika na mwanamke haukuwa unatafuta mapenzi ya wanaume.

(Lutu naye simsifu kwa yote. Aliwatoa binti zake kwa maneno ili awaokoe wageni, na kama malaika wasingeingilia, sura ya 19 ya Mwanzo ingekuwa na kilio kama cha Gibea. Mlango hauwi salama kwa mmoja kwa kumtupa nje mwingine.)

Nabii Ezekieli, sura ya 16 mstari wa 49, anapoitaja dhambi ya Sodoma anaanza na kiburi, kushiba, raha, na mkono ambao haukumshika maskini. Machukizo anayataja baadaye. Bwana wetu katika Mathayo 10 anaikumbuka Sodoma anaposema juu ya miji isiyowapokea wajumbe wake. Kuna ndugu watakaoniambia: Mchungaji, mbona umeruka Walawi 18 na Warumi 1? Sijaruka. Yasomeni, ila msifunge kitabu mapema. Ukivuka kutoka Walawi 18 kwenda 19 utakuta mstari wa 33 na 34, juu ya mgeni akaaye nanyi. Na Paulo, akishamaliza orodha yake ndefu katika Warumi 1, ambayo ndani yake wamo wasengenyaji na wasiotii wazazi, anamgeukia msomaji aliyekuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Tazameni Warumi 2:1, mwone anamwambia nini.

Sasa juu ya ndoa niseme kifupi. Kanisa letu linabariki ndoa ya mwanamume na mwanamke. Siandiki kulibadili hilo, wala sina mamlaka hayo. Uganda iliandika katika Katiba yake mwaka 2005 kwamba ndoa ya watu wa jinsia moja ni marufuku. Kongo yetu, katika Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na amtakaye, wa jinsia tofauti na yake. Katika Afrika nzima ni Afrika Kusini iliyofungua ndoa hizo, tangu Novemba 2006. Kwa hiyo mtu anayekosa usingizi akidhani kwamba wiki ijayo harusi kama hiyo itafungwa pale Kasese mjini, alale. Hilo haliko mlangoni petu. Lililo mlangoni petu ni hili: siku jirani akikwambia kwamba fulani ni shoga, na watu wameanza kukusanyika, wewe utasimama upande gani wa mlango?

Watu wengi hawaijui sheria, wanasikia kelele zake tu. Kule Kongo hakuna sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa watu wanateswa na wengine kukamatwa kwa kisingizio cha aibu ya hadharani. Hapa Uganda kosa hilo liko tangu enzi ya Waingereza, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Mwaka 2009 mbunge David Bahati alileta muswada mkali zaidi. Ukawa sheria Februari 2014, na Mahakama ya Katiba ikaifuta Agosti mwaka huohuo kwa kuwa wabunge hawakutimia idadi siku ya kupitisha. Mei 2023 Rais Museveni alitia sahihi sheria mpya, inayofika mpaka adhabu ya kifo kwa makosa yanayoitwa ya kuzidi. Basi mtu aliyevuka mto Lhubiriha asubuhi akifikiri amekimbia hatari, jioni anakuta amefika katika nchi ambayo hatari yake nyingine imeandikwa kwenye kitabu cha sheria.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Tarehe 3 Aprili 2024 majaji watano wa Mahakama ya Katiba waliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, ila walifuta vifungu kadhaa. Kimoja ni kile cha wajibu wa kuripoti polisi. Kingine ni kile cha kumwadhibu mwenye nyumba aliyempangisha mtu kama huyo. Maana yake, mama unayempangisha kijana chumba, hakuna sheria inayokuagiza umtupe nje. Wewe mzee wa kijiji, hakuna sheria inayokutuma uandike majina. Anayekwenda kumtaja jirani yake hawezi tena kusema nililazimishwa. Anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Jambo moja ni tofauti, wala halina mjadala. Mtoto akiharibiwa, awe wa kike au wa kiume, na aliyemharibu awe mwanamume au mwanamke, awe mwalimu, mjomba au mchungaji, hilo ni la polisi na la hospitali SIKU HIYOHIYO. Nimeshuhudia jamaa wakikaa chini ya mwembe kuzungumza mbuzi wangapi walipwe kwa binti wa miaka kumi na mitatu, na watu haohao ndio wanaopiga kelele juu ya Sodoma.

Turudi kwa umati. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala, lililojiita Rolling Stone (si lile la Marekani), lilichapisha picha na majina ya watu likiwaita mashoga, na ukurasa wa kwanza ukataka wanyongwe. Mmoja wao alikuwa mwalimu David Kato. Yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, nayo mahakama ikaamua kwamba gazeti limevunja haki zao. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Januari 2011, Kato aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Mtu mmoja alihukumiwa miaka 30 kwa mauaji hayo, na polisi walisema hayakuhusiana na kazi yake ya kutetea watu. Wenzake hawakuridhika na maelezo hayo. Mimi nataka mtazame mazishi. Mchungaji aliyeongoza alianza kukemea mbele ya jeneza, mama wa marehemu akiwa pale pale. Kukatokea fujo, wanakijiji wakakataa kumzika, na rafiki zake ndio waliolibeba jeneza mpaka kaburini. Aliyemwombea pale ni mzee mmoja, Christopher Senyonjo, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa West Buganda tangu 1974 mpaka 1998, na ambaye kanisa lake lilikuwa limemnyima huduma kwa sababu ya kuwachunga watu hao.

Mimi na Askofu Senyonjo hatulingani katika kila fundisho. Lakini sisi tuliowaacha wafu wetu njiani Kamango na Eringeti bila hata kuwafunika kwa majani, tunajua kuzikwa ni nini. Mama aliyefiwa hahubiriwi juu ya jeneza la mwanawe.

Kuna jambo lililo zito zaidi kwetu, na najua baadhi ya wasomaji watataka kugeuza ukurasa. Msigeuze. Tangu vita vya 1996 wenye silaha wamewabaka mama zetu na dada zetu, na hilo tumejifunza kulisema, angalau kwa nusu sauti. WAMEBAKA PIA WANAUME. Baba wa familia, mbele ya watoto wake. Vijana waliobebeshwa mizigo msituni. Pale Kampala shirika la Refugee Law Project, la Chuo Kikuu cha Makerere, limehudumia wanaume wakimbizi wa namna hiyo kwa miaka mingi, na wengi wao ni Wakongomani. Wanaume hao wanaeleza jambo lilelile: mtu ana jeraha, anavuja damu, hawezi kuketi kwenye benchi kwa saa mbili za ibada, na haendi hospitali. Kwa nini haendi? Anaogopa daktari atamwambia kwamba yeye ni shoga. Anaogopa mke wake akijua atauliza, sasa mimi nimeolewa na nani? Anaogopa jirani.

Woga wake una msingi. Sheria ya Uganda ya ubakaji inamtaja mwanamke au msichana. Mwanamume aliyebakwa hana mahali pake katika kifungu kile. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono ilimtambua, hata kama kule sheria nzuri inalala ofisini. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na jina la haki kule alikopigwa, na huku alikokimbilia analo jina la kejeli. Naye ameketi kati yetu. Sijui ni benchi gani, wala simtafuti. Lakini kila mara mhubiri anapopaza sauti juu ya mashoga na kanisa likapiga makofi, mtu huyu anahesabu makofi.

Na mtu asiseme, basi huyo tumhurumie maana yeye si shoga kweli, yule wa kweli ndiye tuuachie umati. Umati hauna kipimo cha kutenga. Zaidi ya hayo, Lutu hakuwahoji wageni wake kwanza. Walikuwa chini ya dari lake, na hiyo ilimtosha.

Sasa kuna wanaosema mambo haya yote yaliletwa na pesa za wazungu. Hapo tuna historia yetu hapahapa karibu, na inafaa ijulikane. Mwaka 2003 Waanglikana wa Marekani walimweka Gene Robinson, mwanamume aliyekuwa akiishi na mwanamume, kuwa askofu wa New Hampshire. Kanisa la Uganda likakata ushirika na kanisa lile la Marekani. Mwaka 2005 dayosisi ya South Rwenzori, ambayo makao yake ni Kasese, chini ya Askofu Jackson Nzerebende Tembo, ilikataa msaada wa zaidi ya dola 350,000 kutoka dayosisi ya Central Pennsylvania, kwa kuwa askofu wa kule aliunga mkono kuwekwa kwa Robinson. Fedha hizo zilikuwa za kazi ya UKIMWI.

Simlaumu mtu anayekataa pesa akiona zimefungwa kamba. Kuna heshima katika kukataa, na sisi tunaoishi kwa kupokea tungefaa kuijua. Hata hivyo najiuliza kama kuna aliyekwenda Kagando au Bwera kumuuliza mwenye ugonjwa. Ugonjwa haukusubiri mabara mawili yapatane juu ya askofu. Na niongeze hili: miaka mitano kabla ya Robinson kuwekwa, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikuwa wamekutana Lambeth, Uingereza, mwaka 1998, wakapitisha azimio linalotajwa sana huku kwetu. Linakataa matendo ya ushoga kuwa hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo linaahidi kuwasikiliza watu hao, na linalaani woga usio na akili juu yao. Nusu ya kwanza tumeihubiri mpaka watoto wanaijua. Nusu ya pili nadhani ilianguka njiani, pengine Entebbe.

Papa Fransisko naye, Januari 2023, siku chache kabla hajafika Kinshasa, alisema kuwa mtu wa namna hiyo si kosa la jinai, ingawa kanisa lake linakihesabu kitendo kuwa dhambi. Sisi si wa Roma, lakini tofauti kati ya dhambi na jela mtoto wa Shule ya Jumapili anaweza kuielewa. Dhambi zangu mimi zingepelekwa zote polisi, hii barua ingeandikwa gerezani.

Kuhusu afya niseme kwa kifupi. Watu wa Bwera wanakumbuka Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na mtoto mdogo akafia pale hospitali ya Bwera. Wakati ule wahudumu walizunguka kijiji hadi kijiji wakiomba jambo moja: msifiche wagonjwa. UKIMWI nao ni hivyohivyo. Sheria ya 2023 ilipotoka, watu wengi waliacha kwenda kuchukua dawa kwa kuogopa, mpaka Wizara ya Afya ikaandika mwaka huohuo kwamba asiwepo mtu wa kunyimwa matibabu kwa sababu ya hali yake. Mgonjwa aliyefichwa kwa hofu, mke wake anaugua, na mtoto wa tumboni pia.

Halafu liko lile neno la foleni: "Anajifanya shoga ili HCR wampe safari ya Kanada." Ndugu, mimi sikai kwenye ofisi ya intavyuu, na wewe pia hukai. Lakini fikiri kidogo. Mtu ajiite kwa hiari yake jina linaloweza kumpeleka jela maisha yake yote, kumfukuzisha chumba, kumpigisha mawe bombani, kwa tumaini la safari ambayo wengi hawaipati hata baada ya miaka kumi? Labda yupo mmoja. Waongo wapo katika kila foleni, hata ile ya maharage. Kwa ajili ya mmoja huyo usiwapige wote.

Mjue pia kwamba kuna Waganda waliokuwa wakimbizi kwa sababu hii. Tangu 2014 walianza kufika kambi ya Kakuma, Kenya. Nchi hii iliyotupokea sisi zaidi ya milioni moja na nusu, watoto wake wengine walipita njia kwenda kupanga foleni kama yetu. Machi 2021 kule Kakuma walirushiwa petroli yenye moto wakiwa wamelala nje, na kijana mmoja akafa hospitalini Nairobi mwezi uliofuata. Aliyekimbia kwao akachomwa na nani? 

Mkataba wa 1951 unaotulinda sisi una kifungu cha 33, kisichoruhusu mkimbizi arudishwe mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Sisi sote tunaishi juu ya kifungu hicho kama nyumba juu ya mawe ya msingi. Isaya, sura ya 16 mstari wa 3 na wa 4, alishalisema neno la namna hiyo juu ya watu wa Moabu waliofukuzwa: wafichwe, wasitolewe. Moabu hawakuwa watu wema, Biblia yenyewe inasema hivyo sura hiyohiyo.

Basi nawaomba haya. Ukisikia jina la mtu, likome kwako. Usilipeleke bombani, na usilete kwangu ili nilisome madhabahuni, maana sitalisoma. Vijana wenye simu, msipige picha ya mtu na kuituma. Wazazi, msimwoze binti haraka kwa mwanamume asiyemtaka ili "apone". Na yule anayesema binti wa namna hiyo atafundishwa kwa nguvu na wanaume, ajue anataja Gibea kwa mdomo wake. Wahudumu wa maombezi, mtu hafungwi kamba wala kupigwa ili pepo atoke. Nikisikia limetendeka katika jina la kanisa hili, aliyetenda ataketi chini asihudumu tena. Watu wakianza kukusanyika mlangoni kwa mtu, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kanisa, nanyi msimame mbele ya mlango mkiwa wengi, wanawake mbele kama mnavyojua kufanya wakati wa ugomvi wa mashamba. Akihitaji kwenda zahanati, asindikizwe na watu wawili.

Na wewe ambaye nimekuandikia zaidi: nipo nyumbani kila Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi jioni. Usipotaka kuonekana ukiingia, pita njia ya mahindi nyuma ya kanisa, ubishe mlango wa jikoni. Mama mchungaji anafahamu. Hatakuuliza jina, na chai ipo.